Tano kwa Mamba

Mtu wa kwanza kupiga makofi alikuwa mwenyekiti wa mtaa, na hilo halikumshangaza dada yake hata kidogo. Kaka yule angeipigia makofi hata amri ya kumtoa kwenye nyumba yake mwenyewe, mradi imesomwa na mgeni mwenye miwani. Baada ya makofi yake yakafuata ya safu ya mbele, walikokaa waliopewa viti vyenye mito, kisha ya safu za nyuma, walikokaa waliopewa soda tu. Dada mtu hakupiga. Alikuwa ameishika soda yake kwa mikono miwili, haijafunguliwa, huku akisoma kwa mara ya tatu maneno yaliyokuwa yakitetemeka kwenye shuka jeupe lililotundikwa ukutani kupokea mwanga wa projekta: ASILIMIA TISINI NA MOJA YA WAKAZI WANAMPENDA MAMBA AU WANAMPENDA SANA.

Shuka lenyewe alilijua. Lilikuwa la nyumba ya wageni, na aliyelifua ni mdogo wake wa mwisho, mtoni, mbele ya mamba hao hao.

Dada huyu watu walimwita Redio. Jina alipewa sokoni, na waliompa walidhani wanamtukana. Alikuwa fundi cherehani, ana chumba kimoja kinachotazama barabara, na ile ni kazi inayofunga mikono na miguu ikauacha mdomo huru. Shule aliiachia njiani, lakini magazeti ambayo wateja walifungia vitambaa vyao aliyasoma yote kabla ya kuyatupa, na alichokisoma au kukisikia hakikumtoka tena. Watafiti wote waliowahi kupita pale aliwakumbuka kama mtu anavyowakumbuka wageni walioondoka na vijiko. Kulikuwa na wale wa ndege, waliowavalisha korongo pete miguuni wakaondoka bila kuaga. Wakaja wa vipepeo, wakatangaza kwamba eneo lile lina utajiri mkubwa usio na mfano, na wakazi wakakaa kitako kuungoja. Akaja bwana mmoja wa miti, akapigilia kibao cha "Usiudhuru mti huu" kwa misumari minene katika mti huo huo. Mti ulikauka. Kibao kipo mpaka leo.

Huyu wa sasa walimwita Daktari. Hakuwa mtu mbaya wa sura wala wa tabia. Na hilo ndilo lililomuudhi Redio zaidi, kwa sababu mtu mbaya unamtupia maneno ukalala vizuri. Alivaa suruali ya mifuko mingi isiyo na kitu ndani, alisalimia kila mtu, na alizungumza Kiswahili cha semina, kile ambacho ndani yake njaa huitwa changamoto. Alikuja mara ya kwanza baada ya mamba kumchukua mke wa fundi viatu pale pale penye mawe ya kufulia, asubuhi kweupe, sabuni ikabaki juu ya jiwe. Daktari alikaa na mfiwa, akainamisha kichwa, akaahidi mbele ya watu kwamba mradi wake utaleta uzio wa chuma, vipande vya nondo vya kusimikwa majini kuzunguka mahali pa kufulia, ili mtu akiingia mtoni aingie kama anayeingia uani kwake. Ila kwanza, alisema, lazima utafiti uonyeshe kwamba kuna mgogoro kati ya binadamu na mamba.  Kaburi la mke wa fundi viatu lilikuwa na kanga ndani yake na si kingine, maana hakikupatikana kingine cha kuzika, na bado ilibidi ithibitishwe kwamba kuna mgogoro.

Nondo zilifika. Zilikuwa zimelala katika stoo ya mtaa, zimefungwa waya, na ufunguo ulining'inia shingoni mwa mwenyekiti kama medali. Na sasa Daktari alikuwa akieleza, kwa sauti ile ile laini, kwamba matokeo yamekuwa tofauti na matarajio, na ni matokeo ya kufurahisha. Jamii hii ina uvumilivu wa kipekee kwa mnyama huyu. Kwa hiyo tishio lililopo si la mamba kwa watu, ni la watu kwa mamba, hasa kwenye ufuko wa mchanga, upande wa juu wa mto, anakotagia mayai. Mradi umeamua uzio ule usimikwe huko, kuzuia watu wasikanyage mayai.

Hapo ndipo mwenyekiti alipopiga makofi.

Redio alisimama. Watu wa safu yake walisogeza magoti kama wanaompisha mtu anayekwenda kutapika. Alimwomba Daktari amwonyeshe swali lenyewe lililoulizwa, na Daktari, kwa heshima zote, akarudisha picha nyuma mpaka likatokea: kwa kipimo cha moja hadi tano, ambapo moja ni simpendi kabisa na tano ni nampenda sana, unampenda mamba kiasi gani? Redio aligeukia ukumbi, akawauliza waliosema tano wanyooshe mikono. Ghafla kila mtu akaona kitu cha maana sana ndani ya chupa yake ya soda.

"Dada," mwenyekiti akasema bila kuinua sauti, "mgeni bado anazungumza."

Alikaa. Hakukaa kwa sababu ya kaka yake. Alikaa kwa sababu aliona mgongo wa mdogo wake, safu mbili mbele, na ule mgongo ulikuwa umejikunja.

Jioni ile, jua likiwa bado juu ya mabati, alipita nyumba kwa nyumba kuuliza. Hakupata hata mtu mmoja aliyempenda mamba. Mwoka mikate alimwambia ukweli huku akikanda unga. Alisema ukijibu tano, yule kijana wa dodoso aliyetumwa na Daktari anagusa kishikwambi chake mara moja, anashukuru, anakwenda zake. Ukijibu moja, anavuta kiti. Anauliza kwa nini, tangu lini, umepoteza nini, ulijisikiaje, je, ungependa mamba wapungue kidogo au sana, na mikate inaungua. Habari ilikuwa imeenea mtaa mzima kabla kijana hajafika nyumba ya tano: semeni tano, mtaachwa. Na juu ya hilo, mwenyekiti alikuwa amewapitia wote siku moja kabla, akiwaomba wasimuaibishe. Wageni wakija wapokeeni vizuri, wajibuni vizuri. Msiwape maneno ya kukwaruza.

Redio mwenyewe hakuulizwa. Kaka yake ndiye aliyemwongoza kijana wa dodoso, na walipofika mlangoni pa cherehani alimshika kiwiko akamvusha. Huyu muache, alimwambia, ana maneno mengi.

Mdogo wake, ambaye watu walimwita Dobi, Redio alimkuta nyuma ya nyumba ya wageni, kwenye meza yake ya kupigia pasi, akipuliza mkaa. Bomba la mtaa lilikuwa limekauka tangu pampu ilipokufa, na vitanda vya wageni havingojei pampu. Kila siku Dobi alishuka mtoni na beseni lake kichwani. Majuzi tu alikuwa amerudi na nusu ya pazia. Nusu nyingine ilivutwa kutoka mikononi mwake, akaiachia, akashukuru kwamba hakuwa amejifunga nayo kiunoni.

Redio alimuuliza, akiwa tayari analijua jibu.

"Tano," Dobi akasema. Hakuinua uso. "Nilikuwa na mashuka ya vyumba vyote, dada. Nilitaka aondoke."

Hapo Redio alimwaga yote. Alisema huu ni mji wa watu wanaoweza kumezwa mpaka kiunoni na bado wakauliza mamba kama ameshiba. Alisema ng'ombe huvumilia inzi lakini angalau hutikisa mkia. Alimtaja mwoka mikate, akamtaja kaka yao, akataja mababu, akarudi mpaka kwa yule mtu wa misumari. Dobi alimsikiliza huku akikunja kola za watu, na alipoona pumzi imepungua akauliza jambo moja.

"Wewe mtoni ulishuka lini?"

 Maji Redio aliyanunua kwa mwenye mkokoteni, madumu mawili, yakiletwa mpaka mlangoni. Hasira ilikuwa yake, lakini miguu iliyokuwa ikiingia majini ilikuwa ya mdogo wake.

Alikaa kwenye ukingo wa meza. Mbele yake, juu ya kamba, ilining'inia suti ya kijivu, kitambaa chepesi, imeshonwa vizuri. Jicho la fundi lilikwenda kwenye mishono kabla ya kwenda kwenye ukubwa. Ilikuwa ya Daktari. Dobi alisema ameiagiza iwe tayari kesho saa sita, kwa kuwa kesho hiyo hiyo anasafiri, anakwenda kusoma matokeo kwenye mkutano mkubwa wa wataalamu. Mtaa mzima ulikuwa unakwenda kusomwa mbele ya watu wenye suti, na tano yao.

Ndipo Redio alipomwambia alichokifikiria. Dobi alikataa. Alisema atapoteza nyumba ya wageni, atapoteza jina, atakula nini. Alikataa wakati wa kupiga pasi mikono, akakataa wakati wa kupiga pasi mgongo, na alipofika kwenye suruali akanyamaza. Kisha akauliza kama suti ikilala juu ya jiwe lile kubwa inaweza kuonekana kutoka barabarani.

Asubuhi Redio aliichukua suti akataka kuipeleka mwenyewe. Walipofika ukingoni, na kule chini maji yakawa kimya kama chai iliyopoa, alisimama akaanza kuinyoosha kola ya suti iliyokwisha kunyooka. Dobi akamnyang'anya. "Nipe. Wewe hujui jiwe lipi linateleza." Akashuka, hatua za mtu anayekwenda kazini, akaitandaza suti juu ya jiwe la mwisho, lile lililozungukwa na maji ya magoti, akaiwekea kokoto kwenye kila mkono isije ikapeperuka. Akarudi. Hakutazama nyuma, na Redio alimtazama kwa niaba yake, roho mkononi.

Saa sita Daktari alikuja nyumba ya wageni kuchukua nguo zake, gari likiwa limeshapakiwa. Dobi alimwambia ziko tayari, ziko mtoni. Hakusema zaidi. Daktari akacheka kidogo, akidhani hajaelewa, akaenda na mwenyekiti aliyekuja kumuaga. Na kwa kuwa Redio alikuwa ameshapita sokoni asubuhi ile kufanya kazi ya jina lake, waliwakuta watu ukingoni wamejaa kama wanaongoja mechi.

Suti ilikuwa imelala juu ya jiwe, mikono imenyooka, kama bwana aliyepumzika.

Redio alimweleza kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. Nguo zako zimefuliwa, zimepigwa pasi, hazina doa. Zipo pale anaposimama huyu mdogo wangu kila siku ya Mungu. Umetuambia tunampenda mnyama huyu, na wewe umemsomea miaka, bila shaka unampenda kutuzidi. Shuka uchukue.

Daktari alitazama suti. Akatazama maji. Alimgeukia dereva wake, na dereva akagundua kwamba tairi la nyuma linahitaji kuangaliwa. Daktari akasema kwa upole kwamba huu si utaratibu mzuri, na kwamba yeye kama mtaalamu asingeshauri mtu yeyote aingie pale bila tahadhari. Watu waliguna. Miongoni mwao alikuwepo fundi viatu, kasimama mbali kidogo, mikono nyuma, hajaguna.

Redio alijiona ameshashinda. Alikuwa na neno tayari ulimini, limenolewa, la kummalizia mbele ya mtaa mzima. Ila kuna kitu kimoja ambacho hakukipigia hesabu, yeye mwenye kumbukumbu ndefu kuliko wote: hakumkumbuka kaka yake ni mtu wa namna gani.

Mwenyekiti alikuwa ameona aibu. Si kwa ajili ya uzio, wala kwa ajili ya tano zile. Aliona mgeni wake amesimama juani anachekwa, hana nguo ya kusafiria, na anayemfedhehesha ni mtu wa nyumba yake. Kwa mtu kama yeye hilo halivumiliki. Akasema samahani sana, Daktari, hili ni jambo dogo. Akakunja suruali yake mara mbili, vizuri, kama anayekwenda kunawa miguu kabla ya kuingia kwa watu, akavua viatu akavipanga, akaanza kushuka.

"Kaka," Redio akasema.

Hakusikia, au hakutaka. Alikuwa mzee sasa. Wote walikuwa wamesahau. Kwenye jiwe la pili aliteleza, akajishika. Dobi alimpigia kelele kwamba apite kushoto, na yeye akapita kulia. Aliingia majini mpaka magotini, akaenda akiwa amenyoosha mikono pembeni kama mtu anayetembea gizani chumbani mwa wengine.

Redio alitaka kumwita tena. Mdomo ule, uliokuwa haujawahi kumwangusha sokoni wala mkutanoni, ulikuwa umekauka. Ng'ambo ya pili palikuwa na gogo, na kila mtu aliyekuwa ukingoni alikuwa ameliona tangu alipofika. Sasa halikuwepo.

"Mzee, toka!" Alikuwa Daktari. Kiswahili cha semina kilikuwa kimemtoka. Alikuwa ametupa miwani au imeanguka, na alikuwa ameshuka mpaka jiwe la kwanza bila kujua. "Toka majini, toka sasa hivi. Achana na hiyo suti, itakuua. Wanakuja chini kwa chini, huwaoni. Nimewaona wakichukua watu. Toka, mzee wangu, nakuomba."

Mwenyekiti alikuwa ameshaifikia suti. Aliziondoa kokoto moja moja, maana hawezi kuvuta nguo ya mtu ovyo, akaiinua juu ya kichwa kwa mikono miwili, akageuka. Safari ya kurudi ilikuwa ndefu. Nyuma yake maji yalijikunja mara moja, mkunjo mpana usio na sauti, ukapita kwenye jiwe alilotoka, ukapotea. Dobi na fundi viatu walikuwa wameshashuka. Walimshika mmoja huku na mwingine huku, wakamvuta juu kama gunia.

Alimkabidhi Daktari suti yake. "Uniwie radhi," alisema, "suruali imelowa kidogo pindoni." Kisha akakaa chini kwenye vumbi.

Hakuna aliyepiga makofi. Redio alimtazama Daktari, na lile neno lililonolewa hakulitumia. Aliuliza tu, "Hiyo yako ni ngapi?"

Daktari alikuwa ameikumbatia suti kifuani, imekunjamana vibaya, kazi yote ya pasi imekwenda na maji.  "Moja," akasema, na sauti ilikuwa ndogo mno hata waliokuwa nyuma wakaulizana amesemaje.

Mwenyekiti hakuishusha suruali yake aliyoikunja. Alikaa akiitazama miguu yake iliyolowa, kisha akawatazama watu wa mtaa wake mmoja mmoja, kama anayewahesabia kitu. Alipofika kwa mdogo wake wa mwisho aliacha kuhesabu.

"Kila siku?" akauliza.

Dobi akaitikia kwa kichwa.

Akauvua ufunguo shingoni. Kamba ilinasa sikioni, ikabidi asaidiwe. Hakumpa Redio, aliyekuwa karibu na ameshanyoosha mkono. Alimpa Dobi, bila hotuba, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza watu kumwona akifanya kitu bila hotuba.

Nondo zilitoka stoo siku ile ile. Fundi viatu ndiye aliyegonga nguzo ya kwanza, wengine wakiwa wamesimama majini kwa zamu, na fimbo na makelele. Daktari aliondoka kabla haijagongwa ya pili. Watu wakasema ameona aibu. Redio akasema aibu haiendi mbali hivyo kwa gari zuri vile, na hakukosea: baada ya miezi michache ililetwa kalenda ya mradi, yenye picha ya uzio, na chini yake maneno kwamba jamii imejenga kwa hiari yake kwa mapenzi iliyonayo kwa mamba. Kililetwa na kibao, kikafungwa kwenye nguzo ya kona, TUNAISHI PAMOJA KWA UPENDO. Dobi aliona kina urefu unaofaa. Tangu siku hiyo hukitumia kuanikia soksi.

Kisha akaja binti mmoja na kishikwambi, kupima upendo umeongezeka kiasi gani baada ya uzio. Alianzia kwa mwoka mikate, ambaye alisema tano kabla swali halijaisha. Wapo watu hata wakitolewa tumboni mwa mamba watamshukuru kwa hifadhi. Akaenda kwa mwenyekiti, ambaye nyumba yake imepakana na chumba cha cherehani, na Redio akasimamisha mguu wake kwenye pedeli ili asikie vizuri.

Alimsikia kaka yake akimpa mgeni kiti, akimuuliza safari, akimwagizia soda. Yote kama kawaida yake. Swali likaulizwa.

"Andika moja, mwanangu," akasema kwa ule upole wake wote. "Halafu vuta kiti. Niulize yale mengine."

Akaanza na mke wa fundi viatu, jina lake, jina la baba yake, alikuwa mtu wa namna gani, sabuni ilikuwa ya rangi gani. Alikuwa bado hajamaliza habari za mama huyo wakati binti alipoomba ruhusa ya kuchaji kishikwambi. Naye akamwonyesha palipo na umeme, akaendelea. Upande wa pili wa ukuta Redio alisogeza kigoda chake karibu, akangoja apate mahali pa kuchomeka neno. Hakupata.